Boriti, Rula na Herufi Q: Nani Alinyoosha Mji wa Unguja?

Ukiingia katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, iwe Shangani au Malindi, angalia juu. Boriti za mikoko zimelala bega kwa bega, kutoka ukuta huu hadi ule. Pima upana wa chumba kwa hatua: tatu, nne kwa taabu. Kisha kitembee kwa urefu wake, utakwenda mpaka usahau ulianzia wapi. Chumba ni kirefu kama ukumbi, chembamba kama ushoroba.

Sababu iko juu ya kichwa chako. Boriti iliyokatwa Rufiji au Lamu ikivuka kama mita 3 bila nguzo, hulegea chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa. Fundi hakusubiri mchoro kutoka ofisi yoyote: boriti ndiyo iliyokuwa rula yake. Majahazi yalipozipeleka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa haba, vyumba vya huko navyo vikatoka na wembamba ule ule.

Basi upana ulifuata boriti, na mengine yakafuata jirani. Nyumba mpya iliegemea ukuta wa iliyotangulia, baraza ikajipenyeza palipobaki nafasi, kona ikakatwa ili mpita njia apite. Ndivyo vichochoro vilivyopata mizunguko yake.

Rula ya karatasi ilikuja na wapangaji miji. H. V. Lanchester, Mwingereza, alitoa mpango wake mwaka 1923, na sehemu kubwa ikabaki makaratasini. Mstari ulioshika ardhi ulikuja baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar iliitambua mwaka huo huo, ilileta wataalamu na vifaa, nyumba za ghorofa zikaanza kusimama Kikwajuni. Mwaka 1968 Hubert Scholz, kutoka nchi hiyo, akachora mpango mpya wa mji.

Rais Abeid Amani Karume aliutaka mstari huo katikati ya Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Huko, mtaani Michenzani, nyumba za udongo zilivunjwa, barabara mbili pana zikakatana kama msalaba, na kandokando yake yakapangwa majumba marefu kiasi kwamba watu waliyaita treni. Wananchi waliitwa kwenye kazi za kujitolea. Karume aliuawa Aprili 7, 1972. Ujenzi ukaendelea bila yeye.

Simama leo kwenye mzunguko wa Michenzani na madirisha yanajipanga mpaka macho yachoke. Pita nyuma ya treni moja, hatua chache tu: mabati yenye kutu, kuta zilizopinda, njia inayokata kushoto kwa sababu ya nyumba ya mtu. Mstari uliishia pale jengo lilipoishia.

Rula ya tatu haishikiki mkononi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walianza kuvipiga picha visiwa kwa ndege nyuki. Kutokana na picha za namna hiyo, nyumba huchorwa kwenye kompyuta pembe kwa pembe. Katika programu za kuhariri ramani ya OpenStreetMap, mchoraji akibonyeza herufi Q, pembe za nyumba aliyoichagua huruka zenyewe na kukaa mraba.

Kwa treni ya Michenzani, hiyo ni kazi ya sekunde. Jaribu na nyumba ya kichochoroni: ukuta unaingia sebuleni kwa jirani, na upande wa pili unazuka upenyo ambao hakuna aliyewahi kuupita. Mchoraji anayeujua mji hutengua, akarudi kubofya kona mojamoja, akianzia kwenye ukuta wa jirani. Hapo ndipo alipoanzia fundi wa boriti.