Kampuni Ilikufa, Deni la Sumu Likabaki

Julai 1971, huko Verona, jimbo la Missouri nchini Marekani, mapipa 85 ya taka za kiwandani yalipakiwa kwenye lori, yakapelekwa shambani nje ya mji na kufukiwa handakini. Kiwanda cha kampuni ya NEPACCO kilitengeneza heksaklorofini, dawa ya kuua vijidudu, na masalia yake yalikuwa na dioksini, sumu kali mno. Msimamizi wa zamu ndiye aliyetoa wazo. Makamu wa rais wa kampuni akaliridhia.

Mwaka 1974 mali za kampuni ziliuzwa, na 1976 ikapoteza usajili wake. Kwa vitendo, NEPACCO ilikuwa marehemu. Lakini Oktoba 1979 mtu asiyejitaja jina aliwatonya maofisa wa mazingira wa serikali. Walipochimba, walikuta mapipa yameoza na yanavuja.

Wakati huo Wamarekani walikuwa bado na machungu ya Love Canal, mtaa wa jimbo la New York uliojengwa kando ya jalala la kemikali, ambako familia zilihamishwa 1978. Desemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuwabebesha wachafuzi gharama za usafishaji.

Serikali ilipowashtaki, wakubwa wa NEPACCO walijitetea kwamba deni ni la kampuni, si lao, na kwamba sheria ya 1980 haiwezi kuhukumu tendo la 1971. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja zote mbili. Makamu wa rais aliruhusu mwenyewe taka zipelekwe shambani, basi alipe yeye. Rais wa kampuni, mwenye hisa mkubwa, naye hakunusurika, kwani mamlaka ya mwisho yalikuwa yake.

Kesi nyingine chini ya sheria hiyo ya 1980, ile ya kampuni ya Bestfoods, kuhusu kiwanda kilichochafua ardhi karibu na Muskegon, Michigan, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1998. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba kampuni mama hailipi kwa sababu tu inamiliki hisa za kampuni tanzu. Italipa ikiwa imeitumia tanzu kama kichaka cha kujifichia, au ikiwa yenyewe iliendesha shughuli za kiwanda zinazohusu taka.

Huo ni mpaka wa haki kwa mwenye hisa chache asiyejua kinachofukiwa wapi. Ila unawaachia wakubwa mwanya, maana amri nyingi hutolewa kwa mdomo, bila karatasi. Kwangu mimi, hukumu ya 1986 ndiyo bora: ilimtafuta aliyetoa ruhusa, ikampata, ikamdai.