Babu Aliomba Kuona Nyayo

Novemba 1978 nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, na nilikwishaamua kwenda kupigana na Idi Amin. Majeshi yake yalikuwa yamevuka mpaka na kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere alikuwa amelihutubia taifa tarehe 2, na redio za Kariakoo zilikuwa hazizimwi. Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, nilitoka nyumbani Mtaa wa Mahiwa nikakimbia pekupeku hadi Jangwani na kurudi. Nilifika nimeshatapika, goti moja linatoka damu. Babu mzaa mama alikuwa barazani na kahawa yake chungu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Hebu nione nyayo."

Nilidhani hajaelewa. Nikakunja ngumi, nikarusha ya kushoto, ya kulia, nikazungusha kiuno. Alisubiri nimalize, akanishika kifundo cha mguu kama fundi viatu anavyoshika kiatu cha mteja. "Na hizi ndizo za kwenda nazo vitani?"

Alikuwa na sababu yake. Sisi tulizaliwa Kariakoo, lakini yeye ndiye Kariakoo yenyewe. Jina hilo tunalolitamka kutwa ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, lililotafunwa na ndimi zetu mpaka likalainika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, wakalikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga na ambalo lilikuwa halijauza hata fungu moja la mchicha. Wakapafanya hapo kambi ya wapagazi. Soko lilikuja kuanza 1923. Lile la zege la Beda Amuli, lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa, lilifunguliwa 1975. Nairobi nao wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo.

Babu alikamatwa Kisarawe mwaka 1917. Umri wake hakuujua. Alisema tu ndevu zilikuwa hazijaota. Hakuna aliyemfundisha kwata wala kumpima kifua. Alipewa blanketi na mzigo wa ratili hamsini hivi, akapakiwa melini hadi Kilwa, na kutoka hapo ni miguu. Ukimuuliza habari za risasi, alikujibu kwa neno moja au mawili. Habari za tumbo alizisimulia hata tukiwa tumezunguka sinia. Kuni mbichi, mvua inanyesha, unga wa mahindi unapikwa haraka na kuliwa haujaiva. Waliozoea mtama au wali wakaharisha damu. Maji ya madimbwi yakawamaliza wengine. Mguu uliochubuka ukaingia funza, funza wakaacha kidonda, na mwenye kidonda akaachwa njiani, mzigo wake akatwishwa wa nyuma yake. Hesabu rasmi za Waingereza ziliandika wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia laki moja, na maradhi ndiyo yaliyoua wengi kuliko bunduki.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti, mitaa yetu ya Kariakoo, ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko Lindi na Kilwa. Mahiwa peke yake, kwa siku nne za Oktoba, Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa. Kumbe kila alfajiri mbio zangu zilikuwa zinakatiza vita vya babu, nami nawaza Uganda! Posta kuna sanamu ya askari, ile ya Bismini, iliyozinduliwa 1927 mahali Wajerumani walipokuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi. Aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

Ajabu ni kwamba baada ya maafa yale vijana wa mji waliipenda kwata. Miaka ya 1920 walijiunga na beni, Marini na Arinoti, ngoma za tarumbeta na mavazi ya kijeshi, zenye majenerali wao na vyeo vyao, wakipiga hatua sawasawa barabarani huku wenzao wakiwashangilia. Baadhi ya wasomi wanaona ni kuigiza wakoloni. Mimi naona kijana aliyewahi kubebeshwa mzigo kwa nguvu alikuwa na kila sababu ya kutaka kutembea mikono mitupu, kifua mbele, kwa hiari yake.

Na wapo walioishika bunduki yenyewe, baba kwa mwana. Mtaa wa Kipata, ambao siku hizi ni Mtaa wa Kleist Sykes, ulipewa jina la mzee aliyekuwa askari wa von Lettow-Vorbeck, upande wa Wajerumani. Wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma katika Vita vya Pili na King's African Rifles (KAR), upande wa Waingereza. Ukoo mmoja, bendera mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yao.

Tulipopata bendera yetu wenyewe, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 likawa lazima kwa wasomi: miezi mitano kambini, kisha mwaka mmoja na nusu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana Oktoba hadi Ikulu, na Mwalimu akawarudisha makwao wapatao 400, akajipunguzia na yeye mshahara kwa asilimia 20. Babu alipoisikia habari ile, mama ananiambia, aliuliza kitu kimoja tu: "Wanalipwa?"

Basi turudi kwenye nyayo. Mwaka ule wa 1978 vijana wa mtaani tuligawanyika. Wenzangu walioangalia filamu za Bruce Lee mpaka wakakariri mateke walikwenda Zanaki, Upanga, ambako Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alikuwa ameanzisha karate ya Goju-Ryu mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini. Mimi nilichagua ngumi, katika ua mmoja nyuma ya Mtaa wa Congo: glovu jozi mbili kwa vijana kumi na wanne, na gunia la mchanga uliochanganywa na matambara, maana mchanga mtupu hukaza kama ukuta na huchuna vifundo vya vidole. Mwalimu wetu alimtaja Titus Simba kila siku. Simba alileta medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Edinburgh mwaka 1970, na aliyemshinda fainali, John Conteh, alikuja kuwa bingwa wa dunia miaka minne baadaye. "Unajua Simba alianza na nini?" mwalimu anauliza. Tunajibu kwa pamoja, tumechoka kujibu: "Kamba!" Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mwenzake. Kuruka kamba ya katani, kupiga kivuli, kuhesabu hatua. Mwenye mafua alirudishwa nyumbani kulala.

Mwalimu wetu wa ngumi na babu hawakuwahi kuonana, na maneno yao yalifanana mpaka nikashuku wananisema. Babu alinikataza mbio kwa wiki mbili. Alinituma sokoni kubeba mizigo na makuli, mkungu mmoja wa ndizi kutoka Msimbazi hadi shimoni, chini ya soko, kesho yake miwili, keshokutwa kupumzika. Makuli walinicheka wiki nzima, kisha mmoja akanifundisha kuinua kwa mapaja badala ya kiuno, na kuweka ngata vizuri ili shingo isikakamae. Kucha nikakata mraba. Viatu vya raba nikavivaa nyumbani jioni mpaka vikazoea mguu, ndipo nikaruhusiwa kukimbia navyo. Maji ya kunywa nikayachemsha mwenyewe.

Vitani sikwenda. Nilipojiandikisha nilionekana mdogo, nikaambiwa nirudi darasani, nikalia machozi ya kweli nyuma ya jengo. Kampala ilianguka Aprili 1979 bila mimi.

Zamu yangu ya Jeshi la Kujenga Taifa ilikuja 1982, kwa mujibu wa sheria, katika kambi moja ya bara yenye baridi ya kukata masikio. Makuruta kutoka Dar tuliingia na vifua vyetu vya ngumi na karate. Mchakamchaka wa siku ya kwanza tuliuimba kwa sauti kuliko wote. Siku ya tisa wakatutoa na mizigo mgongoni, kilomita ishirini na kitu, buti mpya za kugawiwa. Mimi nilipewa namba iliyonizidi, nikazijazia matambara. Bingwa wetu wa mateke alikaa chini kabla ya saa sita mchana, malengelenge yamepasuka, afande amemsimamia juu ya kichwa. Kijana mwembamba aliyetokea Sumbawanga, ambaye hajawahi kuona glovu, alipita akitafuna muwa. Mimi nilifika, katikati ya kundi, kwa hatua za mkungu wa ndizi.

Nikaandika barua nyumbani usiku ule, kurasa mbili za kujisifu. Jibu lilifika baada ya wiki tano kwa mwandiko wa mama, salamu za wote, bei ya sukari, nani kaoa. Chini kabisa, mstari mmoja: babu yako anauliza kama maji huko mnachemsha.