Jino la chuma, jino la dhahabu, jino jeupe: madini gani mdomoni?

Kuna swali ambalo wengi wetu tutaulizwa siku moja tukiwa tumelala kwenye kiti cha munganga wa meno: "Tuweke ya chuma ao nyeupe?" Jino limeoza, neva imetolewa, limebaki ganda tu ambalo mfupa wa kwanza wa nyama utalipasua. Lazima livalishwe kofia, ile tunaita kuroni. Munganga anataja bei mbili ao tatu kwa dola, na wewe unachukua ile mfuko unaweza. Watu wengi wanafikiri hapo ni mambo ya meno tu. Mimi naona ni mambo ya madini, na historia yake inapita karibu na kwetu kuliko tunavyodhani.

Dhahabu njo ya kwanza. Waetruski wa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walikuwa wakifunga meno kwa mikanda ya dhahabu. Haikuwa uzuri peke yake. Dhahabu haishiki kutu mdomoni, na kwa sababu ni laini kidogo, inabana vizuri kwenye ukingo wa jino bila kuacha mwanya wa chakula kuingia. Shida ilikuwa kuipa umbo. Hadi mwisho wa karne ya 19, mafundi walikunja bati jembamba la dhahabu na kulivalisha jino. Mwaka wa 1907 Mmarekani William Taggart akaeneza njia ya kumimina: unatengeneza kofia kwa nta, unaizungushia plasta inayovumilia moto, nta inayeyuka na kutoka, dhahabu inaingia mahali pake. (Wahunzi wa Ife na Benin walimimina shaba kwa nta karne nyingi kabla yake. Taggart aliifikisha mdomoni.)

Huko pwani ya Waswahili jino la dhahabu likawa hata pambo, kama hereni. Hapa Birere pia, ukitembea kuelekea Petite Barrière kati ya wabadilishaji wa pesa na wauza simu, utaona mtu anacheka na jino linang'aa. Lakini rangi si ushahidi. Chuma cha kawaida kinaweza kupakwa utando mwembamba wa nitridi ya titani na kikawa na rangi ya dhahabu kabisa.

Sasa ile nyeupe. Mwaka wa 1889 munganga wa meno wa Detroit, Charles Land, alipata hati ya haki ya kofia ya kauri tupu, udongo uleule wa vikombe vizuri. Mjukuu wake, Charles Lindbergh, njo yule aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka wa 1927. Kofia ya babu ilikuwa nzuri kwa macho, ila ilivunjika, hasa kwenye meno ya nyuma yanayotafuna. Watu wakafikiri: tuweke metali chini, kauri juu. Lakini ukipika kauri juu ya metali na vikapoa kwa mwendo tofauti, kauri inapasuka. Jibu likaja Marekani mwaka wa 1962, wakati Weinstein na wenzake walipopewa hati ya kauri iliyopangwa kutanuka na kusinyaa karibu sawa na mchanganyiko wa dhahabu. Ile kuroni nyeupe yenye mstari mweusi karibu na ufizi, ambayo wazazi wengi wanayo, ni ya ukoo huo. Mstari mweusi ni metali inayoonekana pale ufizi uliporudi nyuma.

Halafu siasa ikaingia. Agosti 1971 Rais Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu. Wakia moja, iliyokuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa miaka mingi, ilifika karibu dola 850 Januari 1980. Labo za meno zikakimbilia metali za bei ndogo: nikeli na kromi, kobalti na kromi.

Kobalti tunaijua. Mmarekani Elwood Haynes alipata hati ya mchanganyiko wa kobalti na kromi mwaka wa 1907, na kuanzia mwaka wa 1932 aina yake iliyoitwa Vitallium ilitumika kutengeneza fremu za meno ya kuvaa na kuvua. Na kobalti ya dunia ilitoka wapi? Katanga, kwa Union Minière, kisha kwa Gécamines. Mei 1978, wakati labo zilikuwa zinakimbia bei ya dhahabu, waasi waliingia Kolwezi, na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa, sababu Zaire ilikuwa mchimbaji wa kwanza duniani. Fundi wa meno wa Chicago alihisi vita vya Kolwezi kwenye mfuko wake. Sina hakika kama mtu wa Kolwezi mwenyewe alipata kofia yoyote.

Kwenye kuroni nikeli ikachukua nafasi kubwa, na ikaja na matatizo yake. Kuna watu ambao nikeli inawawasha. Kama hereni ama saa ya bei ndogo inakuachia upele, mwambie munganga kabla hajaanza. Nyingine ziliongezwa berili ili zimiminike vizuri, na vumbi la berili linaharibu mapafu ya fundi anayeisugua. Mgonjwa anatabasamu, fundi anakohoa.

Leo kila mtu anataka zirkonia. Klaproth aliitambua metali yake Berlin mwaka wa 1789, mwaka uleule alipotambua urani, ile yetu ya Shinkolobwe. Zirkonia haina kutu, haina mstari mweusi, na ni ngumu sana. Inachongwa na mashine kutoka kwenye kipande kikubwa kuliko jino, kisha inapikwa kwa nyuzi karibu 1,500 kwa saa kadhaa, na humo inasinyaa karibu sehemu moja ya tano. Kwa mji kama wetu, hesabu hapo ni ya umeme. Mkato katikati ya kupika unaweza kuharibu kazi nzima.

Njo maana sikubaliani na wenzangu wanaoona aibu ya chuma. Jino la mbele, sawa, tafuta nyeupe, unaenda kuomba kazi. Lakini gego la nyuma kabisa, nani atalichungulia kwenye mahojiano? Kofia ya metali tupu inahitaji kusugua karibu nusu milimeta tu ya jino, wakati ile ya kauri juu ya metali inataka milimeta moja na nusu hivi upande unaoonekana. Jino la mtu mzima halioti tena. Heri metali inayobana vizuri kuliko nyeupe ya haraka inayoacha mwanya, kwa sababu uozo utaingia chini yake na utalipa mara ya pili, safari hii kung'oa.

Ukisikia tu "ya chuma", uliza chuma gani. Fundi anajua alichomimina, kwa sababu kiliandikwa kwenye pakiti: NiCr ni nikeli na kromi, CoCr ni kobalti na kromi. Omba uandikiwe kwenye karatasi ya malipo kabla hujatoa dola.