Sherehe ya siku ya kuzaliwa nyumbani (Matungu, Kakamega)

Sherehe ya siku ya kuzaliwa nyumbani ni hafla ya kifamilia inayofanywa kila mwaka, siku aliyozaliwa mtu au siku iliyo karibu nayo. Makala haya yanaieleza kama inavyofanywa Matungu, kaunti ndogo iliyo katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Matungu ina wadi tano (Koyonzo, Kholera, Khalaba, Mayoni na Namamali), na wenyeji wake wengi ni Wawanga, mojawapo ya jamii za Waluhya. Keki, mishumaa na wimbo vimetoka mbali na havina umri mkubwa hapa. Ila nani akae wapi, nani aombe, nani alishwe kwanza na nani apewe kipande gani cha kuku, hayo yalikuwepo kabla ya keki kufika, na ndiyo yanayoipa sherehe hii sura yake.

Msimu kabla ya tarehe

Kwa vizazi vingi kuzaliwa hakukuhesabiwa kwa tarehe. Kulihesabiwa kwa msimu, na msimu ukahifadhiwa ndani ya jina. Miongoni mwa Waluhya, Wafula na Nafula ni watoto wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, Wanyonyi na Nanyonyi ni wa palizi, na Nakhumicha ni wa majira ya kupanda. Wanjala na Nanjala walizaliwa njaa ikiwa imeingia, Wasike na Nasike nzige wakiwa mashambani. Wangila au Nangila, mama yake alishikwa na uchungu akiwa safarini. Majina haya yamestawi zaidi kwa Wabukusu, majirani wa upande wa kaskazini, lakini ndoa na ujirani vimeyatawanya, na ni nadra kupata darasa la Matungu lisilo na Wafula. Wawanga pia huwarithisha watoto majina ya waliotangulia, ndiyo sababu akina Shiundu hawaishi.

Kalenda ya namna hiyo ina ulegevu wake. Mvua kubwa ya Kakamega huanza Machi na kupamba moto Aprili na Mei, kisha mvua nyingine hunyesha kuanzia Agosti hadi Novemba. Wafula basi anaweza kuwa wa Aprili au wa Septemba, na jina lake halitasema. Wasike anaujua mwaka wake, siku hapana. Miwa, zao lililotawala mashamba ya hapa tangu kiwanda cha Mumias, kampuni iliyoundwa mwaka 1971, kianze kusaga mwaka 1973, haifai kabisa kwa kazi hii: hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, na hukatwa pale lori linapokuja.

Hata wakuu hawakuwa na tarehe. Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga aliyekalia kiti kuanzia 1882 na aliyezikwa Matungu, vitabu havipatani juu ya mwaka aliozaliwa: wengine huandika 1849, wengine 1852. Kifo chake, Aprili 1949, hakina ubishi. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Waluhya ni watu wa matanga. Siku ya kufa ina wageni, hotuba na ng'ombe wa kuchinjwa, na nyumba nyingi hufanya ukumbusho wa marehemu miaka kadhaa baadaye. Kuzaliwa kulifurahiwa mara moja tu, mtoto alipokuja na kupewa jina. Mapacha, wanaoitwa Mukhwana na Mulongo, walikuwa na ngoma zao na miiko yao. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu siku ile mwaka hadi mwaka.

Tarehe ilivyoingia

Tarehe ililetwa na karatasi, na karatasi ya kwanza ilikuwa ya dini. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo chao Mumias mwaka 1904, na katika vitabu vya ubatizo jina la mtoto likaandikwa pamoja na siku. Kabla yao, misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ilikuwa imepita na kukaa kwa Mumia, na Uislamu ukashika mizizi katika ukoo wake. Waislamu wa Mumias na Matungu wana akika, inayofanywa siku ya saba kwa kuchinja na kumnyoa mtoto, na wana Maulidi ya Mtume katika mwezi wa Mfungo Sita. Maulidi ni kumbukumbu ya kuzaliwa, hivyo wazo la kukusanyika kwa ajili ya siku aliyozaliwa mtu halikuwa geni kabisa hapa. Ugeni ulikuwa kumfanyia mtoto wa kawaida, tena kila mwaka.

Serikali ilichelewa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilienezwa kwa Waafrika hatua kwa hatua katika miaka ya sitini, na ni mwaka 1971 tu ilipofika nchi nzima. Hata baada ya hapo, mtoto aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa kijijini aliweza kufika darasa la nane bila cheti. Mageuzi yenye nguvu zaidi ni ya karibuni. Tarehe 1 Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka huohuo Kaunti ya Kakamega ilianzisha mpango uliopata umaarufu kwa jina la Oparanya Care, kwa jina la gavana wa wakati huo, Wycliffe Oparanya. Mama aliyehudhuria kliniki, akajifungulia hospitalini na kumpeleka mtoto kwa chanjo alilipwa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000. Lengo lilikuwa kuokoa maisha ya mama na mtoto. Tokeo la kando, ambalo sidhani kuna aliyelipanga, ni kizazi cha watoto wa vijijini ambao siku na saa yao ya kuzaliwa imeandikwa kwa kalamu ndani ya kijitabu cha kliniki. Kijitabu hicho hutunzwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha ndoa na risiti za miwa.

Shule ndiyo iliyofunga fundo. Tangu 2017 mfumo wa taifa wa kuwaandikisha wanafunzi umedai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na mzazi asiye nacho hupanga foleni. Mtoto anayeandika tarehe yake kwenye fomu kila mwaka hataisahau, na darasani atawaona wenzake wakiimbiwa. Anarudi nyumbani na swali ambalo nyanya yake hakuwahi kumuuliza mtu.

Siku yenyewe

Mara nyingi tarehe husogezwa. Ikiwa ni Jumatano, hafla huwa Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada. Walio katika shule za bweni hungoja likizo. Wenye jamaa Nairobi, Mombasa au Eldoret huunganisha sherehe za watoto wawili watatu mwezi wa Desemba, mabasi ya magharibi yanapojaa na boma zikapata watu. Mtoto wa Machi anayekatiwa keki tarehe 27 Desemba pamoja na binamu yake wa Oktoba halalamiki sana, maana kuku ni wengi zaidi.

Keki ya kununua hutoka mjini Mumias na huja ikiwa imepakatwa kwenye bodaboda. Barabara ikiwa na matope, maandishi ya juu hufika yamechanika. Nyumba nyingi huoka zenyewe bila joko. Sufuria kubwa huwekwa mchanga mkavu chini na kupashwa moto juu ya jiko. Sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutiwa mchanganyiko wa unga, sukari, mayai na siagi huketishwa juu ya mchanga huo. Kisha kubwa hufunikwa na makaa yenye moto hupangwa juu ya kifuniko, ili joto lije kutoka pande zote mbili. Ujuzi wote uko katika makaa ya juu: yakizidi, keki huungua kichwa na kubaki mbichi tumboni. Huchomwa kijiti katikati, na kikitoka kikavu, imeiva. Pasipokuwa na keki kabisa, chapati hupangwa moja juu ya nyingine na kukatwa kama keki, au hutengwa sinia la mandazi, na hakuna anayeona haya.

Chakula chenyewe ni kuku, ingokho, mwenye heshima kuliko nyama yoyote katika nyumba ya Mluhya. Huliwa kwa ugali, na siku kama hii chapati au wali huongezwa. Kwa Waislamu pilau huchukua nafasi ya mbele. Firigisi kwa desturi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na siku ya kuzaliwa ya mtoto haiibadilishi kanuni hiyo. Atakatiwa keki, ataimbiwa, lakini firigisi itakwenda kwa baba au babu. Baba akiamua kumpa mwenye siku, watu hulizungumza jambo hilo hata kesho yake.

Sebule hupangwa kama ya kupokea wageni wa posa. Vitambaa vya kufumwa hutandikwa upya juu ya makochi, viti vya plastiki huazimwa kwa jirani, baluni hufungwa kwenye fremu ya dirisha. Maombi hutangulia, mara nyingi kwa Kiwanga, na hayawi mafupi. Hufuata wimbo, na huo huimbwa kwa Kiingereza hata na wasiokijua. Lahani yake ilichapishwa na dada wawili wa ukoo wa Hill huko Kentucky, Marekani, mwaka 1893, Mumia akiwa ametawala miaka 11. Mishumaa midogo ya keki isipopatikana, mshumaa wa kawaida wa kumulikia hukatwa vipande.

Kulisha keki ndiko kunakotazamwa zaidi. Mwenye siku hakai kula. Anasimama na kulisha. Huanza na nyanya, anayeitwa kukhu, kisha wazazi, halafu senje (shangazi) na khotsa (mjomba) wakiwepo, ndipo ndugu kwa umri. Mtoto akikosea mpangilio, sauti kutoka pembeni humrekebisha mara moja. Kila anayelishwa husema neno: baraka, onyo kuhusu masomo, au swali la unataka kuwa nani ukikua. Wanaoifahamu ratiba ya ukumbusho wa marehemu hapa wataitambua: maombi, utambulisho wa jamaa, hotuba kwa ukubwa, chakula. Familia haikubuni utaratibu mpya kwa ajili ya sherehe hii, ilitumia ule iliokuwa nao.

Zawadi ni za kufaa. Nguo, viatu vya shule, madaftari, na pesa zinazotumwa kwa M-Pesa na walio mbali, ambao husikilizishwa wimbo kwa simu. Zawadi inayodumu ni kuku hai, tembe, ambaye nyanya humpa mjukuu. Vifaranga wake ni mali ya mtoto, na mtoto hujifunza kuhesabu kwa kuwafuata uani.

Maji

Kumwagia maji mwenye siku ni desturi ya Kenya nzima, iliyoshamiri shuleni na vyuoni na kurudi nyumbani na wanafunzi. Hufanywa kwa hila. Mtoto huitwa jikoni alete chumvi, na nyuma ya mlango kuna binamu ameshika ndoo. Wengine huongeza unga wa ngano, na hapo wazee huudhika, kwa sababu unga ni chakula. Nyumba yenye busara hutumia maji ya kuoshea vyombo yaliyopoa, maana maji safi yamebebwa kwa mtungi kutoka kisimani, na huwamwagia watoto kabla ya giza ili wasilale na baridi. Walimu wengi wameipiga marufuku shuleni. Nyumbani haijafa, na wenye umri mkubwa huiepuka kwa kutosema tarehe yao.

Wasiosherehekea na wasio na tarehe

Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi siku za kuzaliwa. Miongoni mwa Waislamu maoni hugawanyika: baadhi huiona sherehe hii kuwa ni kuiga, wengine huifanya kwa dua na chakula bila mishumaa. Kwa nyumba nyingine sababu ni mfuko tu. Kiwanda cha Mumias kilipokwama na kusimama mwaka 2018, kisha kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, malipo ya miwa yaliyokuwa yakigharimia karo na hafla yalikatika. Keki ni kitu cha kwanza kuondolewa kwenye orodha. Kuku humsubiri mgeni.

Mwaka wa 18 una uzito wa pekee, kwa kuwa ndipo mtu anapostahili kitambulisho cha taifa. Hapo tarehe iliyokuwa ya keki hugeuka ya kwenda kwa chifu na cheti mkononi.

Wazee waliozaliwa kabla ya karatasi wana mwaka wa kukisia, na wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari na makarani. Watoto wao, wakitaka kumfanyia mama sherehe ya miaka 80, huulizana alizaliwa msimu gani, na nani alikuwa mkubwa kati yake na jirani fulani. Kisha huchagua Jumamosi moja ya Desemba ambayo wote wana likizo. Tarehe hiyo hurudiwa mwaka unaofuata, na ndiyo wajukuu wanayoijua kuwa siku ya kuzaliwa ya nyanya yao.