Kabla ya tenisi, Roland Garros palinaswa bawa la nzi

Kila mwaka, Mei ikikaribia kwisha, wapenzi wa tenisi huelekeza macho Roland Garros, magharibi mwa Paris. Mpira ukidunda karibu na mstari, televisheni huurudisha taratibu mpaka tuuone ukibonyea juu ya udongo mwekundu na kuinuka tena. Ni watazamaji wachache wanaojua kwamba ufundi huo wa kunasa kasi ulilelewa papo hapo, na kwamba jengo lake lilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili uwanja upanuliwe.

Mwenye jengo alikuwa Étienne-Jules Marey, daktari na profesa wa Collège de France. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alimpiga picha farasi aliye mbioni kwa kamera 12 zilizopangwa mstari mmoja. Marey alizipenda picha hizo, lakini yeye alitaka jicho moja na saa moja, ili kila hatua ya mwendo ipimwe. Mwanahistoria Marta Braun, ambaye kitabu chake cha 1992 kuhusu Marey kimenifunza mengi, ameonyesha kwamba baadhi ya misururu ya baadaye ya Muybridge ilipangwa upya ili ipendeze. Kwa Marey jambo hilo lisingevumilika.

Mwaka 1882 alifungua kituo chake cha kuchunguza mwendo papo hapo palipo Roland Garros leo, pembeni mwa msitu wa Bois de Boulogne, na mwaka huohuo akaunda kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde. Ilipofika 1890 alikuwa akitumia mkanda wa seluloidi. Mwaka 1894 alimnasa paka akiangushwa chali na kujigeuza angani hadi akatua kwa miguu, na picha zile ziliwashangaza wanasayansi wenzake.

Lakini mwaka huo wa paka ulikuwa pia mwaka wa ugomvi. Msaidizi wake, Georges Demenÿ, ndiye aliyeendesha kituo kila Marey alipokwenda Napoli kukwepa baridi. Mwaka 1892 Demenÿ alisajili chombo alichokiita fonoskopu, kilichoonyesha uso wa mtu akitamka maneno, kikilengwa kuwasaidia viziwi kusoma midomo. Akaunda kampuni, akaona mbele yake soko la picha zinazotembea. Marey hakutaka kusikia habari za soko. Kwake kamera ilikuwa chombo cha kupimia, na kuwaonyesha watu kile ambacho macho yao tayari yanakiona kulikuwa kupoteza muda. Walivutana hadi Marey akamtaka aondoke, miaka zaidi ya kumi ya kazi ya pamoja ikaishia hapo. Mwaka uliofuata ndugu Lumière walionyesha sinema yao Paris, na umaarufu ukawa wao. Naona Marey alimwonea msaidizi wake. Hata hivyo, ukaidi uleule ndio uliokiweka kituo kwenye njia ya kasi, njia ambayo wafanyabiashara wa sinema hawakuijali.

Nafasi ya Demenÿ ilizibwa na kijana mzaliwa wa Dublin, Lucien Bull. Alitaka kunasa wadudu wakiruka, akakuta tatizo gumu: katika kamera ya kawaida mkanda husimama kwa kila picha kisha huvutwa, na ukizidisha kasi unachanika. Bull akaacha kuusimamisha. Aliuzungusha mkanda juu ya silinda inayokwenda mbio, kisha akamulika kwa cheche za umeme. Kila cheche ilikuwa fupi mno, hata mkanda uliokuwa ukikimbia ulionekana kama umesimama. Mdudu naye alijipiga picha mwenyewe, kwani aliporuka kutoka alipowekwa aligusa swichi iliyoiamsha kamera. Mwaka 1904, mwaka aliofariki Marey, Bull alikuwa akinasa mabawa ya nzi na kereng'ende kwa zaidi ya picha 1,000 kwa sekunde. Alinasa hata kiputo cha sabuni kikipasuliwa na risasi.

Baadaye zilikuja kamera zenye prizimu inayozunguka, ambayo huifanya taswira isafiri sambamba na mkanda, na nyingine ambamo mkanda umetulia huku kioo kikizunguka na kuusambazia picha. Kamera za namna hizo ndizo zilizotazama bomu la kwanza la atomiki likilipuka New Mexico, Julai 1945. Siku hizi mkanda wenyewe umeachwa.

Filamu nyingi za Marey zimehifadhiwa na Cinémathèque française, na hilo ni jambo la kushukuru. Kulivunja jengo kwa ajili ya viti vya watazamaji lilikuwa kosa ambalo halirekebishiki tena. Roland Garros mwenyewe alikuwa rubani, na viwanja vikubwa vya pale vinaitwa kwa majina ya Philippe Chatrier, Suzanne Lenglen na Simonne Mathieu. Vipo vingine vinavyoitwa kwa namba tu. Wenye mamlaka ya mashindano hayo wampe Marey kimojawapo.