Dungu: Nani Hulala Karibu na Wanyama?

Katika delta ya Rufiji hakuna haja ya kumweleza mtu dungu ni nini. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, chenye sakafu ya fito, paa la makuti na ngazi ya miti. Mpunga ukianza kuzaa, watu wa Kiongoroni na vijiji vingine vya delta huhamia humo. Mchana huamia ndege. Usiku hupiga debe na kelele ili nguruwe na viboko wasije wakamaliza jasho la msimu mzima.

Ukiufuata mto huohuo kuelekea magharibi utafika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo mgeni hulipa fedha nyingi alale katika kibanda kinachofanana na dungu: nguzo, makuti, mkoromo wa kiboko gizani. Yeye anawafuata wanyama, mkulima anawafukuza. Tofauti hiyo ina historia.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyotenga maeneo mawili ya akiba ya wanyama, moja likiwa Rufiji. Wanyama wakawa mali ya serikali, na mwindaji mwenyeji akaanza kuhesabiwa mwizi. Wakati huohuo wanaume walilazimishwa kulima pamba ya serikali. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, jirani wa kaskazini, alionyesha kwamba nguruwe pori na njaa ni sehemu ya chimbuko la vita vya Majimaji: ulinzi wa mashamba ulidhoofika, na mzigo ukawaangukia wanawake. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, kusini ya Rufiji. Tumezoea kuvisimulia kwa maji ya Kinjikitile na pamba. Nguruwe tunamsahau.

Waingereza nao walipochukua nchi waliendeleza hifadhi, na mwaka 1922 wakaipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Behobeho mwaka 1917. Wakulima waliokuwa wakilinda mashamba yao usiku kucha hawakupewa jina la kitu chochote.

Baada ya Uhuru likaja jambo jingine. Kufuatia mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la mto hadi vijiji vya nchi kavu. Shule na zahanati zingewafikia kwa urahisi, lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni. Kaya ikawa na nyumba kijijini na dungu shambani, na kati yake mwendo mrefu. Serikali ilihesabu nyumba; chakula kililindwa kutoka dunguni.

Gharama yake ilionekana wazi kati ya 2002 na 2004, simba walipoua takribani watu 35 katika wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno. Nguruwe huufuata mpunga, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu ndani ya kibanda cha fito.

Kwa hiyo nikisikia malazi ya hifadhini yakisifiwa kuwa ni ya asili, huwa najiuliza ni asili ya nani. Umbo la dungu limehamia hifadhini, ila kazi yake haikuhama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na utalii unatarajiwa kukua. Ni vyema. Lakini usiku ukiingia, mgeni akisikia kitu kikivunja matete, kuna askari mwenye bunduki wa kumwita. Mama aliye dunguni ana debe, tochi na sauti yake, na kulipokucha bado atashuka ngazi kuhesabu mashina yaliyosalia.