Meli ya Kula Bata, Abiria 937 na Vibali Vilivyokufa Kabla ya Kufika Bandarini

Bwawa la kuogelea lilikuwepo. Sinema ilikuwepo. Usiku muziki ulipigwa na watu wakacheza. Mei 13, 1939, meli ya Kijerumani St. Louis ilipong'oa nanga Hamburg kwenda Havana, Cuba, mtu akiitazama kwa mbali angesema hao wanakwenda kula bata tu.

Kumbe ndani kulikuwa na abiria 937, na karibu wote walikuwa Wayahudi wanaokimbia utawala wa Nazi. Miezi sita nyuma, Novemba 1938, masinagogi yao yalichomwa moto, maduka yao yakavunjwa, na maelfu ya wanaume wakatupwa kambini. Baadhi ya waliotolewa kambini waliambiwa wazi: hama nchi, la sivyo utarudishwa ndani.

Cuba kwao haikuwa mwisho wa safari. Wengi walikuwa wameshaomba viza za Marekani na wanasubiri zamu yao ifike. Havana ilikuwa kituo tu, yaani unashuka, unajibanza kwa muda, ukiitwa unavuka kwenda Marekani. Mkononi kila mmoja alikuwa na kibali cha kushuka bandarini. Wakajua mambo yamekaa sawa.

Hapa turudi nyuma kidogo. Mambo ya kila msafiri kubeba pasipoti si ya zamani kihivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu kubwa ya Ulaya mtu mwenye nauli yake alivuka mpaka bila maswali mengi. Vita ndivyo vilivyoleta ukaguzi, na vilipoisha, ukaguzi ukabaki. Oktoba 1920 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, wakakubaliana muundo mmoja wa pasipoti: kijitabu cha kurasa 32. Kuanzia hapo karatasi ikawa bosi.

Lakini bandari zina ishu yake. Mtalii wa melini anashuka asubuhi, anakula, ananunua vitu viwili vitatu, jioni karudi chumbani kwake melini. Ukimsumbua sana, unafukuza hela. Ndiyo maana nchi zinazotegemea watalii hupenda kuwawekea mlango wao mwepesi. Swali la afisa wa bandari linakuwa moja: huyu jioni ataondoka, au anataka kubaki?

Cuba iliandika swali hilo kwenye sheria. Mwanzoni mwa 1939, mkimbizi alitakiwa awe na viza na aweke dhamana ya dola 500 za Kimarekani, kuhakikisha hatakuwa mzigo kwa serikali. Mtalii hakudaiwa hivyo. Tatizo ni kwamba sheria haikueleza vizuri nani hasa ni mkimbizi na nani mtalii. Bosi wa Uhamiaji akaona mchongo. Akawa anauza vibali vya kushuka kwa wakimbizi kana kwamba ni watalii, kwa dola 150 au zaidi kila kimoja, na mkwanja ukaingia mfukoni mwake. Abiria wengi wa St. Louis walishika karatasi za namna hiyo.

Wiki moja hivi kabla meli haijaondoka Hamburg, rais wa Cuba akafunga huo mlango. Vibali vya bosi yule vikafutwa. Sasa mgeni alihitaji idhini ya maandishi kutoka wizara mbili, ya Mambo ya Nje na ya Kazi, pamoja na zile dola 500. Watalii wa Kimarekani wakaachwa nje ya dhamana. Amri hiyo ilipewa namba 937, sawasawa na idadi ya abiria, ingawa ilitokea tu. Wenye meli walijua kwamba kushuka kunaweza kuwa shida. Abiria hawakujua. Wakaendelea kuogelea na kucheza.

Mei 27 meli ikafika Havana, na ikatia nanga ndani ya bandari bila kufika gati. Waliokubaliwa kushuka ni 28 tu. Kati yao 22 walikuwa Wayahudi wenye viza halali za Marekani, na sita waliobaki ni Wahispania wanne na Wacuba wawili ambao karatasi zao zilikuwa safi. Mwingine mmoja alipelekwa hospitali mjini baada ya kujaribu kujiua. Waliobaki walisimama sitahani, wakiwaangalia ndugu zao waliokodi mashua na kuizunguka meli ili angalau wapungiane mikono. Baba yuko Havana, mke na watoto wako juu ya meli, katikati maji na polisi.

Mwanasheria kutoka New York alikuja kujadiliana kwa niaba ya shirika la misaada la Kiyahudi. Serikali ilitaka dola 453,500, yaani 500 kwa kila kichwa. Yeye akaja na kiasi cha chini. Rais akavunja mazungumzo, na Juni 2 meli ikaamriwa kuondoka.

Nahodha hakukimbilia kurudi Ujerumani. Alizungukazunguka karibu na pwani ya Florida, karibu kiasi kwamba abiria waliona taa za Miami. Jibu la Marekani lilikuwa la foleni: kila mtu asubiri zamu yake, apate viza, ndipo aingie. Nafasi za waliozaliwa Ujerumani na Austria mwaka huo zilikuwa 27,370, na zilikuwa zimeshajaa. Canada nayo haikufungua.

Juni 6 meli ikageuza kurudi Ulaya. Nchi nne zikakubali kugawana abiria: Uingereza 288, Ufaransa 224, Ubelgiji 214, Uholanzi 181. Watu wakashangilia, wakadhani wamepona. Ila mwaka uliofuata jeshi la Ujerumani likaingia Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Abiria 254 wa meli ile waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliomba radhi mbele ya manusura, na Canada ikafanya hivyo 2018. Walioombwa radhi walikuwa wazee. Melini walikuwa watoto.

Baada ya vita dunia ilijaribu kutenganisha mafaili mawili. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulikataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Mkataba mwingine wa London, wa 1965, ulihusu kurahisisha safari za baharini, na kwa watalii wa meli ukaelekeza mambo yawe mepesi: meli ikipita bandari kadhaa za nchi moja, abiria wakaguliwe ya kwanza na ya mwisho tu.

Ila lile swali la Havana halijaondoka. Kwa miaka mingi abiria wa meli za utalii waliruhusiwa kutembea St. Petersburg, Urusi, hadi saa 72 bila viza, mradi wawe na mwongozaji aliyeidhinishwa. Ukitaka kutembea peke yako, viza. Na mfano wa Miami ndio mkali zaidi. Mmarekani anayeanza na kumaliza safari ya Karibiani bandari hiyohiyo anaweza kurudi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Mtanzania au Mkenya aliye chumba cha jirani anahitaji viza ya Marekani, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikigusa Bahamas tu, kurudi Miami kunahesabika ni kuingia upya. Zamani kulikuwa na mpango wa kupita Marekani bila viza, lakini ulisimamishwa Agosti 2003.

Kampuni za meli hazina huruma kwenye hili, maana zikimleta mtu asiye na karatasi faini inakuwa ya kwao. Unazuiwa gatini na begi lako, na nauli mara nyingi hairudi. Kwa hiyo anayepanga kwenda kula bata baharini aanze na orodha ya bandari zote, aulize kila moja inataka nini kwa pasipoti yake, na ajue kibali alichoshika kimetolewa na nani. Halafu ndiyo alipie.